Mnusaji na Mzee wa Queensbury

Kisa hiki ni cha kweli, na simwombi mtu aniamini. Nimeshakisimulia kwa wengi. Wapo walionicheka machoni, wapo waliosema nilisinzia kwenye usukani, na binti yangu mwenyewe, aliyezaliwa hapahapa London, kila nikianza ananikata kauli, "Mum, you were tired." Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimelala vizuri, nimekula, nimeswali adhuhuri yangu, na akili zangu zote zilikuwa mahali pake. Unataka kusikia, kaa usikie. Hutaki, nenda zako kwa amani, maana mimi sikosi usingizi kwa ajili ya mtu asiyeniamini.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa naendesha minikebu, teksi za kuagizwa kwa simu. Ofisi yetu ilikuwa Edmonton, chumba kimoja juu ya duka la kuku wa kukaanga, na madereva wote walikuwa wanaume isipokuwa mimi. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilijifunza gari nikikaribia miaka arobaini, baada ya kuachika, na aliyekuwa mume wangu alipopata habari alitangaza mbele za watu kwamba leseni hiyo hata nikiipata nitairudisha mwenyewe kwa magoti. Maneno yale yalinichoma. Nilifaulu mtihani, nikanunua gari kuukuu la kijani, nikaacha kazi ya kusugua sakafu za maofisi. Usukani ule ndio ulionilisha mimi na mwanangu, na nisiwafiche, ndio ulionifanya nitembee kichwa juu.

Sasa sikiliza habari ya kamera. Miaka ile zilikuwa zimeota kando ya barabara kama uyoga, masanduku marefu yanayokumulika kwa nyuma ukizidisha mwendo kidogo tu. Kila ukinaswa unaandikiwa pointi tatu, na zikifika kumi na mbili leseni inakwenda. Mimi nilikuwa na tisa. Usinifikirie vibaya, sikuwa mwendawazimu wa mwendo. Ni maili chache hapa, maili chache pale, abiria anakuhimiza kwamba ndege inamwacha, mara taa inamulika mgongoni, basi, kwisha. Pointi zile tisa sikumwambia kiumbe yeyote, wala binti yangu, wala watu wa ofisini. Kosa moja tu lilibaki kati yangu na ile ndoo ya kusugulia, na kule ofisini walikuwapo waliokuwa wakingoja kwa hamu nianguke.

Ndipo nikaenda Southall kwa Jaspal. Huyu alikuwa fundi wa redio za magari, Mpunjabi mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya kitupu. Aliniuzia kifaa kidogo cheusi, saizi ya pakiti ya sigara, cha kubandika juu ya dashibodi. Kazi yake kunusa rada. Wenzangu walikuwa wanakiita ditekta, mimi nikakipa jina Mnusaji, maana kilikuwa na tabia kama mtu. Wakati ule sheria haikuwa imevikataza, kwa hiyo usinikunjie uso.

"Hii kitu haioni polisi, dada," Jaspal aliniambia siku aliponifungia. "Inasikia tu. Kujua ni nini inalia, hiyo ni kazi yako."

Akanikalisha kwenye gari akanifundisha kama mwalimu wa chuoni. Alieleza kwamba kamera na rada za polisi zinatupa mawimbi mbele, na Mnusaji anayadaka kabla gari halijafika yanapopima. Lakini si kila kilio ni adui. Milango ya maduka makubwa, ile inayojifungua yenyewe ukiikaribia, nayo hutupa mawimbi ya namna hiyohiyo, kwa hiyo ukipita dukani Mnusaji atalialia bure. Dereva mjinga husikia kilio akafunga breki katikati ya barabara. Dereva mwenye akili hujiuliza kwanza: hii ni sauti ya nini, inapanda au imetulia, na mshale unaonyesha mbele au nyuma. Akanizungusha Southall nzima nizisikie sauti, ya kamera ikiwa kavu na ya haraka, ya milango ikiwa kama kifaranga. Mwishoni akaniambia neno ambalo mpaka leo likinijia nywele zinanisimama.

"Ikianza polepole ikipanda, hiyo kitu iko mbali, inakuja. Ikilia yote mara moja, usisumbuke kutafuta mbele. Imeshafika."

Mimi ni mwanafunzi mzuri nikitaka. Haikupita muda nikawa nazijua kamera zote za kaskazini mwa London na kila duka lenye mlango wa kelele. Mnusaji akitoa kile kilio cha kifaranga pale karibu na stesheni ya Queensbury, mimi nasema, "Milango hiyo," naendelea na safari. Wanaume wa ofisini walinicheka kwamba mama kaweka mganga kwenye dashibodi. Niliwaacha wacheke. Mwaka ule waliokamatwa walikuwa wao.

Tulikuwa na desturi yetu pale ofisini. Madereva wetu Wakongo, watu wa Bukavu na Uvira, wote ni watu wa kanisa, kwa hiyo Krismasi zamu nilikuwa nachukua mimi. Ikifika Idi, kaka Bahati, mmoja wao, anabeba kazi zangu zote nami nakaa nyumbani na pilau langu. Hakuna aliyetuandikia mpango huo. Na kama hujakaa London, elewa kwamba siku ya Krismasi hakuna treni wala basi. Mji mzima unafungwa, maduka giza, na anayetaka kwenda popote anatutegemea sisi.

Basi siku hiyo ya Krismasi nilipeleka familia moja Queensbury. Nilipowashusha ilikuwa saa kumi za alasiri, lakini majira ya baridi saa kumi jua limeshazama. Taa za barabarani zilikuwa zimewaka na mtaani hapakuwa na mtu. Nikageuza gari kurudi. Nilipolipita lile duka karibu na stesheni Mnusaji akatoa kifaranga kimoja. Nikasema kama kawaida yangu, "Milango hiyo."

Hapo ndipo nilipomwona mzee. Alisimama ukingoni mwa barabara, koti refu jeusi, kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono, kaunyoosha mkono. Sheria ya minikebu unaijua? Hatuokoti mtu barabarani. Lazima abiria apige simu ofisini, ofisi ikutume. Nisingesimama, wallahi, nilikuwa na pointi tisa na sikutaka kesi nyingine. Nikashusha kioo kidogo nimwambie apige simu, naye akasema, "Mwanangu, niokoe na baridi hii."

Kwa Kiswahili! Tena Kiswahili cha kwetu, chenye sauti ya marehemu babu zangu. Nakuuliza wewe uliyekaa ughaibuni, uso kwa uso na mzee wa namna hiyo, siku ambayo hakuna basi, wewe ungetia gia ukaondoka? Mzungu ningemwacha. Mkongo ningempigia simu ofisini. Lakini huyu alikuwa kama mtu wa kwetu kabisa, na tahadhari yote ikaniisha.

"Shikamoo mzee," nikasema, nikamfungulia mlango wa nyuma.

Akaingia. Akafunga mkanda. Akasema, "Edmonton, nitakuonyesha mbele ya safari." Na mimi, kwa furaha ya kusikia lugha yangu, sikugundua kwamba salamu yangu haikujibiwa. Kwetu hilo halipo. Mtoto akikuamkia, hata kama umemnunia, hata kama uko kitandani unaumwa, unamwitikia marahaba. Nikadhani hakusikia.

Tukaingia North Circular. Barabara ile siku za kawaida ni jehanamu ya magari, siku ile ilikuwa tupu. Nikashika maili arobaini zangu za sheria, nikamuuliza anatoka Tanga sehemu gani. Akasema anatoka palepale nilipotoka mimi. Nikamuuliza yuko London tangu lini. Akasema hahesabu tena. Nikaona labda mzee hapendi maswali, nikaacha. Sasa kulikuwa na baridi kali, na unajua gari kuukuu wakati wa baridi, vioo vinaingia ukungu wa pumzi. Kioo cha upande wangu nilikuwa nakifuta kwa kiganja kila mara. Nikatupa jicho nyuma nione kama naye amezibiwa, niongeze hita. Kioo cha upande wake kilikuwa kikavu, safi, kinaonyesha mpaka taa za nyumba za mbali.

Nilipokuwa nalifikiria hilo Mnusaji akapiga kelele.

Hakuanza polepole. Alilia yote mara moja, taa zake nyekundu zote zimewaka, na sauti yenyewe sikuwahi kuisikia. Haikuwa ya kamera. Haikuwa kifaranga cha milango. Ilikuwa ndefu isiyokatika, kama birika la filimbi lililosahaulika jikoni. Mguu ulitaka kurukia breki, lakini nilikumbuka mafundisho. Sauti gani? Siijui. Inapanda? Hapana, imejaa tangu mwanzo. Mshale uko wapi? Nikautazama. Ulikuwa unaonyesha nyuma.

Nikatazama kioo cha ndani. Barabara nyuma yetu ilikuwa tupu mpaka mwisho wa taa. Hakuna polisi, hakuna gari, hakuna baiskeli. Kati ya Mnusaji na barabara ile kulikuwa na kiti cha nyuma peke yake.

Ninyi mnaojua sayansi mtaniuliza mzimu unatupa mawimbi gani. Sijui, na wala sitafuti kujua. Waulizeni waliosoma, mimi nawaambia nilichokiona.

"Kizime hicho, mwanangu," mzee akasema. "Kinanipigia kelele."

Alisema kinampigia yeye. Hakusema kinatupigia. Nikamjibu kwamba swichi imekwama, na huo ulikuwa uongo. Kisha nikaisikia sauti yake sikioni ingawa kwenye kioo alikuwa bado ameegemea kiti, hajasogea.

"Kanyaga mafuta. Leo hakuna anayekutazama. Zile pointi tisa zisikutishe."

Pointi tisa. Nimeshakwambia sikumwambia kiumbe yeyote. Hapo nikajua kwamba nimembeba nisiyepaswa kumbeba, na nikajua pia anachokitaka. Hakutaka kufika Edmonton. Alitaka mwendo wangu. Nilihisi pedali inanivuta mguu, nakuapia, inazama yenyewe chini ya soli. Mshale wa mwendo ukafika hamsini, ukafika sitini, na Mnusaji anapiga yowe, na yeye ananibembeleza kwa sauti tamu ya babu anayemlaza mjukuu. Kanyaga, mwanangu. Barabara ni yako, mwanangu. Mbele barabara ilikuwa inaingia gizani chini ya daraja, nayo inapinda kabla ya daraja usione upande wa pili.

Niliogopa. Sitajifanya shujaa hapa, niliogopa mpaka meno yakagongana. Lakini mimi nina ugonjwa mmoja tangu utotoni. Mtu akinilazimisha, hofu inageuka hasira. Akilini nilimwona aliyekuwa mume wangu akitangaza magoti yangu mbele za watu. Niliwaona wale wa ofisini wanaosubiri. Na sasa huyu naye, asiye na hata adabu ya kuitikia salamu, anataka kuuchukua usukani nilioupata kwa jasho langu?

Hapo ndipo salamu ile iliponirudia kichwani. Hakuniitikia.

Nikaung'oa mguu kwenye pedali kwa mikono miwili, ndiyo, niliuachia usukani nikauvuta mguu kama unavyovuta gogo, kisha nikafunga breki. Kabla ya daraja kuna sehemu ya basi kusimama, na siku ile mabasi hayakuwapo. Nikaliingiza gari pale likasimama kwa kuserereka. Nikavuta breki ya mkono. Sikugeuka. Nikamtazama kwenye kioo cha ndani, nikampandishia sauti ili asikie juu ya kelele za Mnusaji.

"Mzee, nilikuamkia shikamoo. Sitii gia mpaka uniitikie."

Akanitazama. Uso wake ulikuwa uso wa mzee yeyote wa kwetu, na hilo ndilo linalonitisha zaidi nikikumbuka. Akafungua mdomo. Nikaona midomo inahangaika kutafuta neno, inajikunja, inajinyoosha, na neno halitoki. Sasa marahaba ni neno gumu? Mtoto wa miaka miwili ukimwamkia kwa utani anakuitikia. Lakini ukilifikiria vizuri, kwa neno lile unampokea mtu heshima yake na unamtakia kheri, na yule hakuwa na kheri hata kidogo ya kunitakia.

"Nakuamkia mara ya pili," nikasema. "Shikamoo."

Mnusaji akanyamaza ghafla. Kimya kile kiliniumiza masikio. Nilipogeuka kiti kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani na mkanda ulikuwa bado umefungwa, umebana hewa, umesimama kwa umbo la kifua cha mtu. Mbele ya macho yangu ukalegea taratibu ukaangukia kitini.

Nilikaa pale nikisoma kila nilichokijua, Ayatul Kursiyu mara ngapi sijui. Nilipopata nguvu nikatembeza gari mwendo wa konokono mpaka chini ya daraja. Baada ya kona tu, katika njia yangu ileile, kulikuwa na tela la lori limeachwa, halina taa hata moja, chuma chake cha nyuma kiko usawa wa kichwa changu. Kwa maili sitini nisingeliona. Leseni yangu ingebaki na pointi tisa zilezile, na mwenye leseni angekuwa chini ya tela.

Siku ya pili nilimkuta kaka Bahati ofisini. Yeye alikuwa anachechemea mguu wa kulia kwa ajali ya miaka ya nyuma, na sikuwahi kumuuliza habari zake. Nikamsimulia. Nilipofika kwenye kofia nyeupe akaweka kikombe chini.

"Ule muzee namujua, dada," akasema. "Alipandaka mu gari yangu, siku ya Noeli vilevile. Alinisemesha Kiswahili ya kwetu Bukavu."

Kiswahili cha Bukavu, unaelewa? Kwangu alikuwa mtu wa Tanga. Nikamuuliza kama yeye alimwamkia. Akatikisa kichwa. Kwao hawana desturi ya shikamoo, walipeana habari tu, kisha mzee akamhimiza mwendo mpaka chini ya daraja lile, naye akagonga ukuta. Hiyo ilikuwa kabla ya desturi yetu ya zamu, na hakuwahi kumwambia mtu kwa kuhofia kuonekana mlevi. Tangu siku ile hatukuongea tena habari hiyo, ila kila Krismasi alikuwa ananipigia simu jioni kuhakikisha nimerudi.

Jambo jingine. Siku mbili tatu baadaye nilipita Queensbury mchana, nikasimama mbele ya lile duka. Mlangoni palikuwa na tangazo kwamba siku ya Krismasi walifunga. Kumbe siku ile duka lilikuwa limezimwa taa na milango haina umeme, sasa kifaranga kile kilitoka wapi? Mnusaji aliniambia tangu mwanzo, mimi kwa mazoea nikamjibia kwamba ni milango.

Nilimpeleka kwa Jaspal. Akamfungua. Upande wa kusikilizia mbele ulikuwa mzima, upande wa nyuma umeungua mweusi. Akaniambia hiyo kitu ilisikia kitu karibu sana, akataka kunipa kipya bila malipo. Nilikataa. Nimemrudisha Mnusaji palepale juu ya dashibodi, na ingawa mbele hakuungua, tangu hapo hajasikia kamera hata moja. Nimejifunza kwenda mwendo wa sheria kwa macho yangu. Zile pointi zilifutika moja baada ya nyingine, leseni yangu ni safi, na aliyekuwa mume wangu bado anayasubiri magoti.

Watu huniuliza kama niliacha zamu ya Krismasi. Niache kwa nini? Kila mwaka naichukua, na giza likiingia napita barabara ileile kwa makusudi. Nikikaribia daraja napunguza mwendo, nashusha kioo, namwamkia yule mzee. Mara nyingine Mnusaji, aliyeungua, asiyesikia kitu, anatoa kifaranga kimoja.

Nawe unayeendesha usiku peke yako katika nchi ya watu, sikia la mama yako. Ukisikia kilio usiseme haraka ni milango. Jiulize ni sauti gani, inapanda au imeshafika, mshale uko wapi. Na ukimpakia mtu kwa sababu tu amesema lugha yako, mwamkie, kisha usitie gia mpaka akuitikie.

Mimi shikamoo zangu bado ziko kwake. Siku atakayojifunza kuniitikia, hiyo ndiyo siku nitakayoogopa.